Urithi wa rangi kwa bata bukini wa kufugwa

Urithi wa rangi kwa bata bukini ni namna rangi ya manyoya inavyopita kutoka kwa wazazi hadi kwa vifaranga wa bata bukini wa kufugwa. Jambo hili si la urembo tu. Dume na jike wa bata bukini hufanana sana, na si ajabu mtu kununua jozi akidhani ni dume na jike, kisha akasubiri mayai mwaka mzima bila kupata kitu. Katika mbegu kadhaa rangi huonyesha jinsia tangu siku ya kuanguliwa, mradi mfugaji asiivuruge.

Asili

Bata bukini wa kufugwa wametokana na spishi mbili za porini. Ya kwanza ni Anser anser wa Ulaya na Asia, aliyezaa mbegu kama Embden, Toulouse, Pilgrim na Sebastopol. Ya pili ni Anser cygnoides wa Asia ya Mashariki, aliyezaa bata bukini wa Kichina wenye nundu juu ya mdomo. Mbegu inayoitwa "ya Kiafrika" nayo ni ya ukoo huu wa pili, wala haikutoka Afrika. Hata jina la Kiswahili linataja mahali: Bukini ni jina la zamani la Madagaska.

Machotara wa spishi hizi mbili wana uwezo wa kuzaa. Charles Darwin aliandika kuhusu jambo hilo katika jarida la Nature mwaka 1880. Kwa sababu hiyo makundi mengi ya vijijini yana damu ya pande zote mbili, na rangi zake hazitabiriki kwa kutazama tu.

Rangi ya asili ya spishi zote mbili ni kijivu au kahawia. Weupe umechaguliwa na binadamu kwa muda mrefu: Varro, mwandishi Mroma wa karne ya 1 KK, tayari aliwashauri wafugaji wachague bata bukini wakubwa na weupe. Manyoya meupe yana soko zuri zaidi kwa mito na mablanketi.

Jeni zinazofuata jinsia

Kwa binadamu mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana (X na Y). Kwa ndege ni kinyume: dume ana kromosomu Z mbili, na jike ana Z moja na W moja. Jike hupata Z yake kutoka kwa baba peke yake. Asiyelishika hili hataelewa yanayofuata.

Juu ya kromosomu Z kuna jeni inayopunguza rangi, ambayo wataalamu huiandika Sd. Nguvu yake hutegemea idadi ya nakala. Dume mwenye nakala mbili huwa karibu mweupe kabisa. Jike hawezi kuwa na zaidi ya nakala moja, kwa hiyo hubaki kijivu chepesi. Hiyo ndiyo siri ya mbegu ya Pilgrim ya Marekani, iliyokubaliwa rasmi na chama cha wafugaji wa kuku cha nchi hiyo mwaka 1939. Dume wake ni mweupe mwenye macho ya buluu, jike ni kijivu mwenye macho ya kahawia na uso wenye weupe. Vifaranga madume hutoka wa manjano hafifu, majike wa kijivu cheusi zaidi, hata mdomo.

Alama hii hupotea kwa kosa moja la kupandisha. Dume wa Pilgrim akipewa jike wa kijivu wa kawaida, watoto wa kiume hupata nakala moja tu ya Sd, sawa na dada zao, na wote huwa kijivu. Anayetaka kuhifadhi alama hana budi kupandisha Pilgrim kwa Pilgrim.

Jeni nyingine ya kromosomu Z huleta rangi ya hudhurungi nyepesi. Hii hujificha: dume huionyesha akiwa na nakala mbili, lakini kwa jike moja inatosha. Dume wa hudhurungi na jike wa kijivu huzaa majike wa hudhurungi na madume wa kijivu. Dume wa kijivu asiye na jeni hiyo akipandishwa na jike wa hudhurungi, watoto wote ni kijivu, na rangi huonekana kana kwamba imekufa, kumbe madume wote wanaibeba. Mbegu ya Brecon Buff ya Wales, iliyowekewa viwango mwaka 1934, ina rangi hii.

Weupe wa namna mbili

Jeni ya mabaka (sp) haiko kwenye kromosomu za jinsia. Ndege mwenye nakala mbili huwa mweupe mwenye kichwa, mgongo na mapaja ya rangi, kama Pomeranian. Zikiungana sp na Sd, ndege huwa mweupe wote: huyo ndiye Embden. Hata hivyo vifaranga wake huwa na kijivu mgongoni, na mara nyingi majike ni weusi zaidi kuliko madume.

Weupe wa bata bukini wa Kichina ni jambo jingine kabisa. Unatokana na jeni moja inayojificha, isiyohusiana na sp. Ndiyo maana Embden mweupe akipandishwa na Mchina mweupe, vifaranga hukua wakiwa na rangi. Mke wa mtu asisingiziwe. Kila mzazi ameleta kile ambacho mwenzake alikosa.

Kupima jeni iliyojificha

Dume wa kijivu anayeshukiwa kubeba sp hupandishwa na jike mwenye mabaka. Akiwa anaibeba, kila kifaranga ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na mabaka. Uwezekano wa dume kama huyo kutoa vifaranga 7 mfululizo bila mabaka ni 1 kwa 128, hivyo 7 wanatosha kwa kazi ya kawaida. Vifaranga wavishwe pete mguuni mapema, la sivyo hesabu yote ni bure.

Uteuzi wa sifa nyingine

Uzito wa mwili hurithiwa vizuri, lakini idadi ya mayai na uwezo wa kutungisha hurithiwa kwa kiasi kidogo. Huko Poland mbegu nyeupe ya Kołuda, iliyotokana na bata bukini wa Kiitalia walioletwa kutoka Denmark mwaka 1962, imegawanywa katika nasaba mbili: W11 kwa mayai na W33 kwa nyama. Majike wa W11 hupandishwa na madume wa W33, na watoto wao ndio wanaonenepeshwa.

Kwa mwenye ndege watano au sita nyumbani, hatari kubwa ni kupandisha ndugu kwa ndugu ili kushika rangi. Mayai yasiyoangua huongezeka. Kubadilishana dume na mfugaji mwingine wa mbegu ileile husaidia. Ndege mwenye bawa lililogeukia nje asizalishwe, hata akiwa na rangi nzuri, kwa kuwa kasoro hiyo hutokana na chakula chenye nguvu mno utotoni lakini pia na urithi.