Sanamu ya Lusinga na Safu ya Wamiliki Wake

Katalogi ya makumbusho, yaani orodha rasmi inayoeleza kila kitu kilichohifadhiwa kwa nambari, vipimo na asili yake, huwa na safu moja ambayo wasomaji wengi huipita haraka, nayo ni historia ya umiliki, inayotaja mikono ambayo kitu kilipitia kabla ya kufika kabatini. Kwa kazi za sanaa zilizotoka ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, tangu Uvira hadi Moba, safu hiyo aghalabu huanzia kwa Mzungu aliyekichukua kitu, kana kwamba kabla yake hakikuwa na mwenyewe. Hilo linaonekana wazi zaidi katika sanamu ya Lusinga iliyoko katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, Tervuren, karibu na Brussels.

Lusinga lwa Ng'ombe alikuwa mtawala wa Watabwa katika milima iliyo nyuma ya Mpala, kwenye ufuko huo wa magharibi. Nguvu zake zilitokana na kuwateka watu na kuwauza kwa wafanyabiashara waliotoka pwani ili apate bunduki na baruti, na ukweli huo haufai kufichwa kwa sababu tu yaliyompata baadaye yalikuwa dhuluma. Sanamu yenyewe, iliyochongwa kwa mti, humwonyesha mhenga aliyesimama, mwenye chale mwilini na nywele zilizosukwa kwa ustadi mkubwa. Kwa Watabwa sanamu za namna hiyo ziliunganisha ukoo unaotawala na mizimu yake, hivyo kuwa nayo kulikuwa sehemu ya haki ya kutawala.

Mwaka 1882 luteni Mbelgiji Émile Storms, aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1876, alishika kituo cha Karema upande wa mashariki wa ziwa, na mwaka uliofuata akavuka na kujenga ngome Mpala, ambako yeye na Lusinga waligombea utii wa watu walewale. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms, wakiwemo rugaruga, yaani askari wa kukodiwa, walikishambulia kijiji cha Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa, na sanamu ya mhenga wake ikawa nyara. Mwaka 1885 Storms aliwakabidhi Mapadri Weupe vituo vyake akarudi Ubelgiji, akiwa na sanamu pamoja na fuvu la Lusinga mwenyewe.

Kwa miongo kadhaa sanamu ilikuwa pambo la nyumba ya familia ya Storms. Yeye alifariki mwaka 1918, na mjane wake akaitoa kwa makumbusho ya Tervuren mwaka 1930. Fuvu likafuata mwaka 1935, kisha mwaka 1964 likahamishiwa Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia mjini Brussels. Hivyo mtawala na mhenga wake walitenganishwa na taratibu za kiofisi, mmoja akiwekwa penye sanaa, mwingine penye mifupa ya wanyama na visukuku, na hakuna orodha ya kitaalamu inayoweza kuufanya mgawanyo huo uwe wa heshima. Mtaalamu Allen Roberts, aliyeishi miongoni mwa Watabwa katika miaka ya 1970, ndiye aliyeirejesha hadithi ya umwagaji damu kando ya kitu chenyewe, kwanza katika katalogi aliyoitayarisha pamoja na Evan Maurer mwaka 1985, kisha kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2013.

Kaskazini zaidi, katika nchi ya Fizi, tatizo lina sura nyingine. Sanamu nyingi za mababu zilizouzwa na kuorodheshwa kwa jina la Wabembe au Wabuyu zilichunguzwa upya na Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti chini ya IRSAC, Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyoanzisha pia kituo cha hidrobiolojia cha Uvira. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1981 alieleza kwamba nyingi zinapaswa kuhusishwa na makundi ya wawindaji waliotangulia Wabembe, wakiwemo Basikasingo. Katalogi, basi, inaweza kumpoteza mwenye mali hata pale ambapo hakuna risasi iliyopigwa.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ile ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren. Orodha hiyo ingepaswa kusomwa pia huku ufukoni mwa ziwa, na wazee wa Fizi, walimu wa Uvira na vijana wa Kavimvira wanaojua majina ya koo na milima ambayo karani wa Ulaya aliyaandika kwa kukisia. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 imefungua njia ya kurudisha mali iliyopatikana Kongo kati ya 1885 na 1960, lakini haihusu mabaki ya binadamu. Na kwa kipimo chake cha tarehe, sanamu iliyotekwa Desemba 1884 imebaki nje kwa majuma machache tu. Mpaka huo wa tarehe urekebishwe, na jina la kwanza katika safu ya wamiliki liwe la ukoo wa Lusinga.