Staji si Muhuri

Wandugu, huku kwetu Kamina mwanafunzi akisema "natafuta staji", mara nyingi anatafuta karatasi yenye sahihi na muhuri, basi. Lakini kwa anayesoma masta ya epidemiolojia, historia inaonyesha kwamba staji ndiyo masomo yenyewe.

Mwaka 1951, daktari Alexander Langmuir wa CDC, Marekani, alianza kutuma vijana wasomi kule magonjwa yanapozuka. Walifanya kazi miaka 2, chini ya wakubwa wao. Alama yao mpaka leo ni soli ya kiatu yenye tundu: ugonjwa unafuatwa kwa miguu.

Sisi Wakongomani tuliyaona hayo Yambuku, 1976. Ebola ilishika watu 318, ikaua 280. Maabara ilionyesha virusi. Lakini njia ya ugonjwa ilijulikana kwa kutembea vijijini na kuuliza: nani aliumwa, alipita wapi? Kumbe wengi walipigwa sindano kwenye hospitali ile ile. Kila asubuhi zilitolewa sindano 5 tu, na zilipita kwa mgonjwa huyu na yule bila kuchemshwa vizuri.

Wakati ule nchi haikuwa na shule ya kufundisha kazi hiyo. Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa ilizaliwa 1984. Programu ya epidemiolojia ya uwanjani ilianza Kenya 2004, Tanzania 2008, na kwetu Kongo 2013. Ngazi yake ya juu ni miaka 2: karibu robo darasani, zingine robo tatu kazini, na msimamizi pembeni.

Sasa, huyo msimamizi ni wa nini? Angalieni Haut-Lomami yetu. Mwaka 2017 ilizuka hapa polio inayotokana na virusi vya chanjo. Virusi hivyo dhaifu vikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa vya kutosha, vinabadilika na kupata nguvu ya kupoozesha. Mwanafunzi peke yake anaweza kujumlisha daftari la zoni ya afya, akaona asilimia nzuri, akarudi nyumbani. Msimamizi mzuri anamuuliza: "Na watoto ambao hawako kwenye daftari? Wale wa kambi za wavuvi huko Upemba, nani aliwahesabu?" Hapo ndipo anapanda pikipiki, kisha mtumbwi, na staji inaanza kweli.

Zoni za afya ziko 519 nchini. Kila moja inaweza kuwa darasa, kama kuna mtu wa kuuliza swali hilo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kukubali staji ulizia mambo matatu: nani atasoma kazi yangu kila juma, swali gani zoni yenyewe inataka lijibiwe, na siku gani nitawarudishia majibu. Muhuri utakuja nyuma.