Dona ya Shangazi

Kwenda Handeni kutoka Korogwe sharti uuvuke mto Pangani, ambao watu wa huku bara tunauita Ruvu. Nilipouvuka mwezi uliopita nilikuwa nimepakata kilo tano za dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, mzigo wa shangazi yangu wa Chanika. Hospitali walimwambia ana kisukari. Yeye akasikia ameambiwa aache ugali. "Mzigua aache ugali ale nini, mwanangu?" aliniuliza kwenye simu.

Tuanze na walichokula wazee. Maji haya ya Ruvu, karne ya 19, yalipokaribia bahari yalipita kando ya mashamba ya miwa. Abushiri bin Salim, aliyewainukia Wajerumani mwaka 1888 wakamnyonga Pangani Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Miwa ilikatwa na watumwa. Sukari ilikuwa ya kuuza. Huku juu watu walikula mtama, kisha mahindi na muhogo: ugali, bada, makande, kwa kunde, kisamvu na mlenda. Nyama ilikuwa ya bahati, hasa baada ya sotoka ya miaka ya 1890 kufyeka ng'ombe na mbung'o kutamalaki porini. Wanga asubuhi, wanga usiku, na katikati jembe.

Siwasifii wazee njaa. Ukame wa miaka ya 1830 uliwafikisha Wazigua wengi mahali pa kujiuza Pwani kwa chakula. Baadhi waliishia Somalia, na kandokando ya mto Juba wajukuu wao bado wanasema Kizigua. Anayesema zamani watu walikula vizuri aongeze: walipopata.

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na nyuma yake katani, ile iliyoanza kwa miche 62 tu ya Richard Hindorf mwaka 1893. Kwenye mashamba kama Ngombezi na Magunga manamba walipewa posho, unga wa kupimiwa. Mtu akazoea kula alichokabidhiwa badala ya alichovuna. Kisha ikaja mashine ya kukoboa. Bibi zetu nao walikoboa, lakini kwa mchi, na jasho lilikuwa lao. Mashine ilitupa sembe nyeupe pe, kiini na pumba vikaenda kwa kuku. Kuku wa Korogwe, nadhani, hawajambo.

Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929 kwa karibu miaka 30, aliona kisukari kikiwa nadra kwa wagonjwa wake waliokula ndizi, viazi na nafaka kwa wingi. Baadaye alidai kinga ilikuwa kwenye nyuzinyuzi tunazozikoboa. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha vipimo vya vijiji 6 vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata 1 katika kila watu wazima 100. Utafiti wa nchi nzima wa 2012 ulikuta 9 katika 100 kwa walio kati ya miaka 25 na 64. Vipimo na umri havilingani sawasawa, lakini pengo hilo si la kalamu tu. Na ugali ulikuwapo nyakati zote mbili.

Huko Marekani, Neal Barnard na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio la wiki 22 kwa watu 99 wenye kisukari cha ukubwani. Nusu walikula mimea mitupu, mafuta kidogo, wanga tele: nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga, matunda. Nusu nyingine walifuata mlo wa kawaida wa wagonjwa wa kisukari. Waliopunguza dawa walikuwa 43 katika 100 kwa kundi la kwanza, 26 kwa la pili. Si uponyaji. Ambaye mwili wake hautengenezi insulini haachi sindano kwa ajili ya kunde. Na anayemeza vidonge vya kushusha sukari akibadili chungu bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia.

Nilimweleza shangazi hayo nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni. Alifungua mfuko, akachota unga kwa vidole.

"Umeniletea ugali wa jela."

Hata hivyo aliusonga. Kisamvu alikipika kwa nazi nusu, akinitazama kwa hasira kila alipoyakamua machicha, na tonge lake lilikuwa dogo kuliko langu. Chai ya baada ya kula aliniwekea vijiko vitatu vya sukari bila kuuliza.