Ujumbe wa Kikabila na Hesabu ya Usalama: Nakuru tangu 1991

Mnamo Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno yasiyofaa kutamkwa kwenye kampeni, "madoadoa", jina la kuwadharau wakazi wa jamii nyingine, likiwemo. Nyuma ya orodha hiyo ipo imani kwamba neno lenye sumu humpandikizia msikilizaji chuki ambayo hakuwa nayo. Historia ya Nakuru inaipinga imani hiyo.

Kwamba wanasiasa walichochea mapigano ya 1991 na 1992 halina ubishi; mikutano ya kudai serikali za majimbo iliyofanyika Kapsabet na Kapkatet Septemba 1991 ilitangulia umwagaji damu. Ubishi upo kuhusu jinsi ujumbe ule ulivyowashika watu. Watafiti Bratton na Kimenyi, waliochunguza maoni ya wapiga kura kuelekea uchaguzi wa 2007, waligundua kuwa Wakenya wengi hawapendi kujitambulisha kwa kabila, ila hupiga kura kikabila kwa hofu, ili kujihami. Wako sahihi, lakini hofu hiyo wameiacha bila makao. Mtafiti Kathleen Klaus ameyaonyesha makao yake, nayo ni ardhi. Aliyepata shamba Molo au Njoro kupitia kampuni za kununua mashamba za miaka ya 1970, kama Ngwataniro, na jirani yake anayeamini kuwa mlowezi alipoondoka ardhi ilipaswa kuwarudia wazee wake, huusikiliza mkutano wa kampeni wakitafuta jambo moja: baada ya kura, dola itamlinda nani?

Ushahidi mzito zaidi ni wa tarehe 2 Desemba 2012, katika Uwanja wa Afraha mjini Nakuru, Uhuru Kenyatta na William Ruto walipotangaza muungano wao. Haikuwa imepita hata miaka 5 tangu Januari 2008, Wakikuyu na Wakalenjin walipouana katika kaunti hii. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Migogoro ya hati miliki ilikuwa ingalipo, na wakimbizi wa ndani wengine hawakuwa wamerudi makwao. Hata hivyo, Machi 2013 jamii hizo mbili zilipigia kura tiketi moja, na Bonde la Ufa likatulia. Chuki iliyopandikizwa mioyoni haiwezi kung'oka upesi hivyo. Kilichobadilika ni hesabu ya usalama: viongozi wa pande zote mbili, wakiwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walionyesha hadharani kuwa vita havitakuwa na mdhamini. Nao walitumia ujumbe wa utambulisho uleule. Kesi za Hague zilisawiriwa kama shambulio dhidi ya jamii zao.

Itasemwa kuwa kampeni ya "hasla" ya Ruto ya 2022, iliyojinadi kwa wachuuzi na maskini, ilihamisha mjadala kutoka kabila hadi tabaka. Sikubali. Nakuru iliipokea kwa sababu iliendeleza mapatano ya Afraha. Mchuuzi wa Kisumu, aliye maskini vilevile, hakushawishika. Pingamizi zito zaidi ni la redio za lugha za mama, maana huweza kurusha hewani maneno yanayoelekeza mashambulizi moja kwa moja, na hayo sheria iyaadhibu. Lakini hayo ni amri, wala si maoni ya umma.

Kuondolewa kwa Rigathi Gachagua, Mkikuyu aliyekuwa naibu wa Ruto, katika unaibu rais Oktoba 2024 kumeyatikisa mapatano hayo. Iwapo hoja yangu ni sahihi, maoni ya Molo na Kuresoi yatageuka kabla ya 2027 bila neno hata moja la ile orodha kutamkwa, na tume inayohesabu maneno haitayaona yakigeuka.