Kubadilisha bafle za gari kwa falanga kidogo

Gari nyingi zinatoka kiwandani na bafle nyepesi za karatasi. Joto na vumbi vinaikausha, inapasuka, sauti inaanza kukwaruza. Kwa dereva anayengoja kwenye mustari mrefu wa mpaka wa Kasumbalesa, radio ni habari na ni rafiki. Lakini si lazima abadilishe vyote.

Aanze na bafle mbili za milango ya mbele. Apime kwanza: nyingi zina sentimeta 16. Apime na kina, sumaku isiguse kioo kikishuka. Kama tundu halilingani, fundi anakata pete ya tripleksi.

Namba kubwa ya wati kwenye katoni isimdanganye. Aangalie ile yenye maandishi RMS, ndiyo nguvu ya kila wakati. Omu zilingane na za radio, mara nyingi 4. Zikiwa chini ya hapo, radio inaweza kuungua.

Kabla ya kazi, fundi atoe waya wa hasi wa batri. Chanya na hasi zikigeuzwa kwa bafle moja, sauti nzito inapotea.

Na injini ikiwa imezimwa, sauti ipunguzwe: batri ikiisha, mustari unasonga, gari inabaki.