Fahamu Kanuni za Kilimo Endelevu katika Mashamba ya Mboga ya Vikundi

Kilimo endelevu cha mboga ni ulimaji unaokiwezesha kikundi kuvuna msimu hadi msimu bila kuchosha udongo, kuharibu vyanzo vya maji wala kuhatarisha afya ya mlaji. Katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, jambo hilo linawagusa hata wasiolima, kwa kuwa maji ya milima hiyo hulisha Mto Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Dar es Salaam. Udongo unaosombwa shambani huishia mtoni.

Hifadhi ya udongo

Kwenye mteremko, matuta hukingama mlima na kingo zake hupandwa nyasi. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru walipinga mpango wa serikali ya kikoloni uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Funzo lake lingali na uzito: hifadhi ya udongo hudumu pale wakulima wanapoiamua wenyewe.

Rutuba hurejeshwa kwa mboji, inayotengenezwa kwa kupanga tabaka za majani makavu, majani mabichi na samadi, kisha kumwagilia na kugeuza mara kwa mara. Huwa tayari baada ya takriban miezi mitatu, inapopoa na kuwa nyeusi. Matandazo hupunguza upotevu wa unyevu.

Mzunguko wa mazao

Nyanya, bilinganya, nyanyachungu, pilipili na viazi mviringo ni mimea ya ukoo mmoja na hushambuliwa na magonjwa yanayofanana, ukiwemo mnyauko wa bakteria. Hivyo, haifai kufuatana katika tuta moja. Baada ya nyanya, kikundi kinaweza kupanda kunde au maharage, ambayo huongeza naitrojeni katika udongo, kisha kabichi au mchicha.

Udhibiti wa visumbufu

Kantangaze, nondo wa nyanya aliyethibitika nchini mwaka 2014, ni kipimo cha umoja wa kikundi. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda, mahali ambapo kiuatilifu hakimfikii kwa urahisi. Mwanakikundi mmoja akiacha masalia yenye wadudu katika eneo lake, jitihada za majirani zake wote hupotea. Mitego ya kunasa nondo dume, ukusanyaji na ufukiaji wa matunda yaliyoshambuliwa na kalenda moja ya upandaji hufaa zaidi vikitekelezwa kwa pamoja.

Inapolazimu kupulizia, kitumike kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo, zizingatiwe.

Matumizi ya maji

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vikundi vinavyochepusha maji ya mto kwa ajili ya umwagiliaji vinapaswa kuomba kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika. Kumwagilia asubuhi au jioni, au kwa matone, hupunguza maji yanayopotea.

Wananchi wanaokusudia kuanzisha shamba la kikundi wanashauriwa kuonana na Afisa Ugani wa kata kwa ushauri wa kitaalamu, na Afisa Maendeleo ya Jamii kwa taratibu za usajili.