Jinsi ya kukuza holihoki kwa mbegu

KILIMO cha maua kinapotajwa nchini, wengi hufikiria waridi. Hata hivyo, waridi huhitaji mtaji ambao mkulima mwenye shamba dogo aghalabu hana. Kwake yeye, na kwa mwenye bustani nyumbani, holihoki ni ua linalostahili kuzingatiwa, kwani huanzishwa kwa mbegu na mimea michache humpa mkulima mbegu tele za msimu unaofuata.

Holihoki, ambayo jina lake la kisayansi ni Alcea rosea, ni ya jamii moja na bamia na pamba. Shina lake huweza kufikia urefu wa mita 2, likipambwa kwa maua meupe, mekundu, ya manjano, na hata ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi.

Jambo la kwanza ni uteuzi wa mbegu. Aina nyingi za jadi hutoa majani pekee mwaka wa kwanza na huhitaji kipindi cha baridi ndipo zichanue. Kwa kuwa Kenya haina majira ya baridi kali kama ya Ulaya, mkulima asiyefahamu hilo huenda akatunza majani matupu kwa miezi mingi. Zipo aina zinazochanua mwaka uo huo zinapopandwa, na hizo ndizo zinazofaa. Soma maelezo ya pakiti kabla ya kununua. Maeneo ya nyanda za juu yasiyo na joto jingi ndiyo bora.

Loweka mbegu kwa maji usiku mmoja, kisha uzifukie kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita 1. Huchipuka baada ya wiki mbili hivi. Mzizi mkuu wa mmea huu huzama sana na haupendi kusumbuliwa. Kwa hivyo panda moja kwa moja shambani, au uhamishe miche ingali midogo. Acha nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mimea, mahali penye jua na pasipotuamisha maji. Shina likirefuka, lifunge kwenye kijiti ili upepo usiliangushe.

Adui mkubwa ni kutu, ugonjwa unaosababishwa na kuvu. Dalili zake ni vipele vya rangi ya machungwa au kahawia chini ya majani. Majani ya chini ndiyo huugua kwanza. Yang'oe na kuyachoma mara uyaonapo, nyunyizia maji shinani wala si juu ya majani, na usibananishe mimea, kwani kutu hustawi penye unyevu.

Ukikusudia kuuza, kata mashina asubuhi mapema maua machache ya chini yakiwa yamefunguka. Tumbukiza ncha katika maji yaliyochemka kwa nusu dakika, kisha uyaweke katika maji baridi ya kina. Petali zake ni laini na huchubuka kwa urahisi safarini. Hivyo tafuta wanunuzi wa karibu, kama wapambaji wa harusi na makanisa, kabla ya kupanda.

Acha mashina machache yakauke. Vitumba vikigeuka rangi ya kahawia, vuna mbegu na uzihifadhi pakavu. Fahamu kwamba nyuki huchanganya chavua, hivyo rangi za kizazi kijacho huenda zikatofautiana na za mmea mama.